Bomba la majitaka limepasuka chini ya zege: lazima nichimbue?

Pole sana, dada. Si lazima uvunje uwanja wote. Bomba lioshwe kwanza, fundi apitishe kamera toka chemba hadi chemba. Usikubali bei kabla hujaona picha. Zikiwa nyufa tu, huingizwa soksi ya kitambaa iliyoloweshwa gundi ya epoksi, ikajazwa hewa ikabana kutani, ikagandishwa kwa mvuke. Bomba likiwa limedidimia, soksi haifai: itafuata bonde lile lile na uchafu utazidi kutuama. Ile njia ya koni inayopasua bomba kuukuu huku ikivuta jipya la plastiki inataka udongo unaoachia. Huko kwenu Isamilo, Mwanza, mtaro ukiwa umechongwa kwenye jabali, vipande vitakosa pa kwenda. Hapo mimi ningechimba kipande kibovu tu.