Magitaa saba na bado natamani la nane: je, ni dhambi?

SWALI

Mchungaji, Mwana-Kondoo ameshinda. Mimi ni msharika wa Kanisa la Moravian huku Urambo, mkulima wa tumbaku na mpiga gitaa wa kwaya. Shida yangu ni vyombo vya muziki. Nina magitaa saba, vinanda vitatu, kodiani moja, amplifaya mbili, mazeze mawili, na tarumbeta la marehemu baba aliyekuwa akipiga bendi ya kanisa. Ninavyovipiga kweli ni viwili tu. Kila malipo ya tumbaku yakiingia naagiza kingine cha mtumba kutoka Dar es Salaam, hata kabla sijamlipa shemeji deni lake. Mke wangu anasema chumba cha watoto kimegeuka ghala, na ni kweli. Nataka kupunguza. Naomba unisaidie: kumiliki vyombo vingi ni dhambi? Naweza kuuza kinanda kilichoombewa kanisani? Tarumbeta la baba nilifanyeje? Niweke nadhiri kwamba sinunui tena maisha yangu yote? Na fedha ya mauzo naitolea fungu la kumi?

JIBU

Tumfuate, ndugu yangu. Umeuliza mambo matano. Nitakaa zaidi na la kwanza, kwa kuwa hayo mengine yanalitegemea.

Hakuna mstari wa Biblia unaotaja mtu akomee magitaa mangapi. Zaburi ya 150 inataja tarumbeta, kinanda, kinubi, matari, zeze, filimbi na matoazi, na sitashangaa kama umewahi kumsomea mkeo zaburi hiyo mzigo mwingine ulipofika. Lakini vyombo vile vilikuwa vya taifa zima linaloabudu. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 23, kinasema Walawi 4,000 waliwekwa kumsifu Bwana kwa vinanda alivyovifanya Daudi. Vyombo vingi, mikono mingi. Kwako vyombo ni vingi na mikono ni miwili.

Andiko linalokugusa zaidi liko Kumbukumbu la Torati 17. Mungu anaweka masharti ya mfalme wa Israeli, na mojawapo ni kwamba asijizidishie farasi, wala asiwarudishe watu Misri ili kuwapata. Kuwa na farasi hakukukatazwa, mfalme atasafirije? Kilichokatazwa ni kuzidisha. Sasa fungua 1 Wafalme 10 uone Sulemani amefikia wapi: magari 1,400, wapanda farasi 12,000, na farasi wanatoka Misri, kulekule kulikokatazwa. Mwandishi hamkemei hata kwa neno moja. Anahesabu tu, na msomaji anayeijua torati anaelewa. Sura inayofuata moyo wa mfalme umekwisha kugeuka. Sisemi gitaa la nane litakupeleka kwenye sanamu. Nasema mazoea ya kuongeza hayana breki ndani yake, na Sulemani mwenye hekima zake zote hakuiona siku alipovuka mpaka.

Sura hiyohiyo ya Torati inataka pia moyo wa mfalme usiinuke juu ya ndugu zake. Hapo ndipo shemeji yako anapoingia. Fedha iliyonunua gitaa la mwisho, kwa maelezo yako mwenyewe, ilikuwa ya kwake. Kwa hiyo ukiniuliza dhambi iko wapi, sitaitafuta kwenye hesabu ya magitaa. Iko kwenye deni lililoahirishwa, na kwenye chumba walichonyang'anywa watoto. Nabii Amosi, sura ya 6, anawataja watu waliojitengenezea vinanda kama Daudi, na anaposema “ole” hawalaumu kwa kupiga. Anawalaumu kwamba katikati ya muziki wao hawakuhuzunika kwa mateso ya Yusufu, yaani ndugu zao.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza ila linasomeka katikati ya mistari ya barua yako. Chombo kipya kinakuja na ahadi kwamba safari hii utakaa chini ujifunze ule mtindo uliokushinda. Wiki ya kwanza unakesha nacho. Baada ya mwezi kimetundikwa ukutani na wewe uko kwenye simu unatazama picha za kingine. Yale matamanio ya kupiga vizuri, ambayo ni zawadi ya Mungu, yanatulizwa na kununua, kisha yanarudi yakiwa na njaa ileile. Kununua kunachukua dakika chache na lipa namba. Mazoezi yanachukua miaka, na duka halina cha kukuuzia badala yake.

Tena vitu hivyo vinaharibika. Wewe ni mkulima, unajua kiangazi cha Tabora kuanzia Mei hadi Oktoba kinavyokausha kila kitu. Gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, lililotundikwa karibu na bati, chumba kisicho na dari, mbao zake zinanywea, uso unapata ufa mwembamba chini ya daraja la nyuzi, na gundi inaachia. Mvua zikianza mbao zinavimba tena na shingo inapinda. Vinanda vyako vitatu, fungua nyuma uangalie kama umeacha betri ndani: zikivuja unakuta unga mweupe umekula vyuma. Bwana Yesu aliposema katika Mathayo 6 kwamba hazina za duniani huharibiwa na nondo na kutu, mwenye gitaa hahitaji mfano mwingine, aziangalie nyuzi zake.

Basi, namna ya kupunguza. Jumamosi moja toeni vyote uani, wewe na mkeo, na awepo kweli, si kuitwa mwishoni kuonyeshwa ulichoamua. Piga kila kimoja wimbo mmoja wa ibada, mwanzo hadi mwisho. Kugusagusa nyuzi na kusema “sauti yake tamu” hakuhesabiki. Vile unavyovitumia kwaya na kimoja cha nyumbani vibaki. Mazeze, kama hujui kuyapiga na hujifunzi, mpe au muuzie anayejua. Yaliyobaki yauzwe, mengine yatolewe.

Katika kuuza, Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na picha iliyopigwa upande usio na ufa ni mizani ya hadaa. Kama shingo imepinda, sema imepinda. Kama kinanda kina vibonye vinavyonata, mpigie mnunuzi simu avisikie kabla hajatuma fedha, hasa akiwa mbali na chombo kinasafirishwa kwa basi au treni.

Katika kutoa nitakuwa mkali kidogo. Malaki 1:8 anawauliza makuhani wanaotoa mnyama kipofu na kilema: mpelekee liwali wako, je, atakuwa radhi nawe? Stoo za makanisa yetu zimejaa spika zilizokufa, zilizoletwa kwa risala na vigelegele. Amplifaya isiyowaka ipeleke kwa fundi au kwa mnunua vyuma chakavu. Kanisani peleka gitaa ambalo roho inakuuma kidogo kuliachia, lenye nyuzi mpya, na ukiweza peleka na muda wako: chukua kijana mmoja wa shule ya Jumapili umfundishe mpaka aweze kuongoza wimbo. Kwa kipaji ulicho nacho, hiyo ni sadaka kubwa kuliko gitaa lenyewe.

Kinanda kilichoombewa. Kwanza kumbuka ilikuwaje. Kama ulikikabidhi kwa usharika kisha kikarudi kukaa kwako, si chako. Kirudishe, na wazee wa kanisa ndio wataamua. Kama washarika walichangia sehemu ya bei, waeleze wazee kabla ya kukigusa. Lakini kama ni mali yako na ulikipeleka tu kiombewe, unaweza kukiuza kwa amani. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba kila kiumbe cha Mungu hutakaswa kwa neno la Mungu na kwa kuomba, na nyumba zetu tunaziombea pia, hata hivyo watu huzihama na kuziuza. Asiwepo mtu wa kukutisha kwamba utapata laana.

Tarumbeta la baba, usiliuze. Huu ni ushauri wangu, si sheria ya kanisa. Sisi Wamoravian matarumbeta yametuzika na kutuamsha tangu Herrnhut, kijiji cha Ujerumani kilicho chimbuko letu, katika karne ya 18, na injili ya Wamoravian imekuwa huko Urambo tangu mwaka 1898. Alfajiri ya Pasaka tunaposimama makaburini, baba yako alisimama pale na tarumbeta hilo. Hata hivyo kuliweka sandukuni ni kuliua, maana vali zisipopakwa mafuta na kuchezeshwa zinakwama. Likopeshe kwa mpigaji wa bendi kwa maandishi mafupi, lirudi kwako akiacha kupiga. Na kama una ndugu zako wa kuzaliwa, waulize kabla. Huo ni urithi, na sijasoma popote katika barua yako kwamba mligawana.

Kuhusu nadhiri, nakukataza. Mhubiri 5:5 anasema: “Ni afadhali usiweke nadhiri, kuliko kuiweka usiiondoe.” Mtu wa kwaya hawezi kuahidi maisha yake yote kwamba hatanunua chombo. Gitaa lako la ibada likivunjika mwakani utafanyaje, uvunje nadhiri au uache huduma? Bwana ametuachia njia nyepesi zaidi: ndiyo iwe ndiyo, siyo iwe siyo. Mwambie mkeo na kiongozi wa kwaya kwamba hununui chombo bila wao kujua, na kwamba kikiingia kimoja kinatoka kimoja. Nyuzi, mafuta ya vali na kazi ya fundi havimo katika katazo hilo. Kurasa za wauzaji ziondoe kwenye simu. Huwezi kukaa mlangoni kwa muuza pombe kila usiku ukaomba usijaribiwe. Na siku ya malipo ya tumbaku, ambayo kwa maelezo yako ndiyo siku ya kuagiza chombo kingine, nendeni wawili. Deni kwanza, ada za watoto, pembejeo za msimu ujao, ndipo mengine.

Fungu la kumi nimeliacha mwisho kwa kuwa ni jepesi. Kumbukumbu la Torati 14:22 inazungumzia maongeo, yaani kile shamba lilichozaa mwaka hadi mwaka. Kama ulitoa fungu la kumi la tumbaku ile iliyonunua magitaa, fedha ya kuyauza, tena kwa hasara, si ongezeko jipya. Kama hukutoa, sasa unajua cha kufanya. Ukipata faida katika chombo kimoja, itolee faida hiyo. Ila ya kwanza kabisa itakayoingia mkononi, kabla haijafika kanisani, mpelekee shemeji.