Maiki ya tatu inakatakata

SWALI: Fundi, habari. Kanisani kwetu Tabata tuna maiki nne zisizo na waya, tumeziweka 600, 601, 602 na 603 MHz. Mazoezini tunatumia mbili na hakuna shida. Jumapili zikiwashwa zote, ya tatu inakwaruza na kukatakata. Betri ni mpya. Wazee wanasema ni mnara wa simu uliojengwa jirani. Ni kweli?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Mnara msiusingizie kwanza. Maiki mbili zikirusha kwa pamoja, hasa zikiwa karibu karibu, mawimbi yake huchanganyika ndani ya saketi na kuzaa mengine ambayo hakuna aliyeyawasha. Chukua masafa (ile namba ya MHz) ya maiki ya pili mara mbili, toa ya kwanza: 601 × 2 − 600 = 602. Hapo hapo ndipo ilipo maiki yenu ya tatu! Hata ya pili imo hatarini, kwa kuwa 602 × 2 − 603 ni 601; kama haijalalamika, huenda anayeishika husimama karibu na risiva, yaani kile kifaa kinachopokea mawimbi ya maiki.

Kosa ni nafasi zinazolingana. Jaribuni 599, 600, 603 na 605. Pigeni hesabu ile ile kwa kila jozi, hamtaona jibu linaloangukia maiki yoyote. Kama risiva zenu zina makundi ya chaneli yaliyopangwa kiwandani, chagueni chaneli zote ndani ya kundi moja, maana kazi hiyo imeshafanywa. Na msizirundike maiki zinazowaka mezani pamoja, wala kando ya antena.

Kisha zimeni maiki zote, mwache risiva zikiwaka. Taa za RF (mawimbi ya redio) kwenye risiva zikionyesha mawimbi wakati hakuna maiki inayorusha, kuna mgeni. Zimeni kifaa kimoja kimoja, mkianza na skrini kubwa ya LED nyuma ya madhabahu, ambayo mimi huishuku kabla ya mnara. Risiva zisiwe nyuma yake, wala ndani ya kabati la chuma. Antena zione jukwaa juu ya vichwa vya waumini, kwa sababu mwili wa binadamu hufyonza mawimbi haya.

Mkizima kila kitu na taa bado zinawaka, tafuteni masafa mengine kwa skani ya risiva, yaani iacheni ijitafutie yenyewe masafa matupu. Ifanyeni Jumapili saa tatu asubuhi, makanisa ya jirani yakiwa hewani, si Jumamosi jioni.