Bajaji yangu ya umeme inakata chaji mchana, nifunge jenereta?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina bajaji nimeibadilisha mwenyewe, nimetoa injini ya petroli nikaweka mota ya umeme ya volti 60 na betri tano za asidi, kila moja volti 12 ampea 100. Inatembea vizuri ila nikienda Mbagala–Kariakoo na kurudi mara mbili basi, saa nane chaji imeisha. Jirani ana kajenereta kadogo ka wati 650 anauza. Nikikafunga nyuma kawe kanachaji huku natembea, ntafika jioni?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu yangu hongera sana, kazi uliyofanya si ndogo. Unachotaka kinawezekana, hata gari la umeme la BMW i3 lililotoka 2013 lilikuwa na toleo lenye kiinjini cha petroli cha cc 647 ambacho hakizungushi tairi kabisa, kazi yake kuzalisha umeme tu.

Twende kwenye hesabu. Betri zako kwa karatasi ni wati-saa 6,000 ila za asidi ukizishusha chini ya nusu kila siku unaziua mapema, kwahiyo hesabu 3,000. Bajaji yenye abiria tuseme inakula wati-saa 50 kwa kilomita, ndo hizo kilomita 60 zako. Kwa mwendo wa 25 kwa saa mota inakula kama wati 1,250, sasa tuseme chaja inayolishwa na jenereta inarudisha 700, betri zinatoa 550 tu, yani badala ya masaa mawili na nusu unapata matano na zaidi, na ukikwama kwenye foleni mota haili kitu huku chaji inaingia. Kupanda mlima na kuondoka kwenye taa waachie betri, jenereta usiipe kazi hiyo.

Ila ka jirani usinunue. Chaja ya kutoa wati 700 inavuta zaidi ya 800, ka wati 650 hakatoshi, na chaja za bei rahisi zinavuta umeme vibaya zikaielemea jenereta, kwahiyo tafuta jenereta ya inverta (inayotoa umeme uliotulia) ya KVA 2. Na lile tundu la volti 12 kwenye jenereta achana nalo, halichaji betri za volti 60.

Sasa mafuta, hapa ndo pa kufikiria. Lita moja kwenye jenereta ndogo inakupa kama uniti moja na nusu, toa inayopotea kwenye chaja unabaki na kilomita 26 hivi, na bajaji ya kawaida ya petroli inakwenda hizohizo au zaidi. Ukiwasha kila siku umerudi kwenye petroli na faida ya kuchaji usiku nyumbani kwa umeme wa LUKU imeisha. Mimi ningeweka hela kwenye betri ya pili ya lithiamu (usiiunge pamoja na za asidi, weka swichi ya kubadilishia), jenereta iwe ya safari ndefu kama Bagamoyo.

Ukiifunga, bomba la moshi litoke nyuma kabisa mbali na abiria, maana ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua, na mvua ikinyesha ukashusha turubai hatari inazidi, hapo zima. Betri za asidi zikichaji zinatoa haidrojeni inayolipuka, kwahiyo jenereta na tangi lake vikae mbali na boksi la betri. Halafu iwashe mapema betri zikiwa bado na nguvu, usisubiri mpaka zinakaribia kukata.