Kabla hujaweka jina kwa potali, soma hii

Jameni, tena kijana wetu mwingine ameingia potali, ule mfumo wa mtandaoni wa wanariadha wa vyuo wanaotaka kuhama shule, akiwa hana shule hata moja inayomngoja, na mimi nimechoka kuwabembeleza baada ya maji kumwagika. Wadogo zangu mnaotoka Iten na Kapsabet kuja kukimbia huku Marekani, nawapenda sana, nisikizeni.

1. Sheria imelegea, haijaisha. Tangu Aprili 2024 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, inakuruhusu uhame hata kila mwaka na ukimbie msimu huohuo, lakini masharti ya masomo yako palepale: ukianza mwaka wa tatu uwe na asilimia 40 ya digrii, wa nne 60, wa tano 80. Na inahesabiwa kwa digrii ya kule unakoenda.

2. Hapo ndipo mmoja wetu aliumia. Tulikaa naye nyumba moja, mtu wa mita 10,000, mpole, anaamka kabla ya kila mtu. Baada ya msimu mzuri watu wakaanza kumwandikia Instagram, njoo huku kuna hela, na yeye bila kuuliza mtu akaenda ofisi ya komplayansi, ile ya chuo inayosimamia sheria za michezo, siku mbili jina liko potali. Kocha akamwambia skolashipu inaishia semesta hii, na sheria inamruhusu kabisa. Wale wa Instagram kimya. Shule iliyomtaka kweli ikaangalia transkripti, yaani rekodi ya masomo yake, ikakubali karibu nusu tu ya krediti zake, zile pointi za masomo aliyomaliza, kwa hivyo asilimia hazikutosha na hangeweza kukimbia, nyingine ikasema timu imejaa. Nilikuwa napika ugali hagusi, usiku namskia anamwambia mamake kwa simu niko sawa mama, mazoezi yanaendelea, na mama anauliza mbona sauti iko chini. Mwishowe akapata shule ya divisheni ya pili, anakimbia na anasoma, namshukuru Mungu, lakini ule mwezi sitaki kuuona kwa mtoto wa mtu mwingine.

3. Krediti uliza kabla, jibu liwe la maandishi.

4. Ofa ya mdomo si ofa. Tangu 2025 shule zilizoingia ule mkataba wa kulipa wanariadha zina kikomo cha watu, kroskantri 17, traki 45, na kocha naye anachukua potali watu wazima walio na taimu tayari, kwa hivyo nafasi yako ukiiacha haikungoji, na fresha, yaani wa mwaka wa kwanza, wa nyumbani ndio wanabanwa zaidi, hii inaniuma kuliko yote.

5. Hela za NIL, yaani za kutumia jina na picha yako kwa biashara: uko na viza ya F-1, ya mwanafunzi, usisaini dili yoyote kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji. Wenzako Wamarekani wanasaini tu, wewe huwezi kuwaiga.

6. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ijue mapema, kocha hawezi kukuhamishia rekodi ya SEVIS, ule mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Na tiketi ya kwenda nyumbani usikate mpaka I-20 mpya, ile fomu ya shule inayobeba viza yako, iko mkononi.