Kutoka Uwanja wa Moi Hadi Kilifi: Je, Daraja la Nyali Halikwepeki?

SWALI: Mhariri wa safu hii, salamu nyingi. Ninaishi Nairobi lakini kwetu ni Kilifi, upande wa Mnarani. Mara tatu au nne kwa mwaka huwa naruka hadi Mombasa pamoja na mama yangu, ambaye ana umri wa miaka 78 na miguu yake huvimba akikaa garini kwa muda mrefu. Angani hatuchoki, kinachotuchosha ni barabara. Safari ya mwisho tulitua saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, na ilipofika saa moja unusu usiku bado tulikuwa Buxton, hata mguu wa daraja la Nyali hatujaukanyaga. Dereva alizima injini, akateremsha vioo, tukawa tunanunua njugu kwa vijana wanaopita katikati ya magari. Mama aliniuliza kama pale ndipo Mtwapa, nikaona haya kumjibu.

Nimesikia kwamba ipo njia ya kuzunguka kupitia Kaloleni ambayo haivuki daraja la Nyali wala la Mtwapa. Kaka yangu anasema huo ni wazimu, kwamba nitazunguka nchi nzima kukwepa daraja moja. Simu nayo kila siku hunionyesha jambo tofauti. Nimfuate nani?

Msomaji wa Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Pili, kaka yako hakukosea sana, ila wewe umekaribia ukweli zaidi yake. Anayetoka uwanja wa ndege wa Moi kwenda Kilifi anaweza kufika bila kuona daraja la Nyali kabisa. Lakini kwa ile saa mliyotua, nisingewapeleka huko.

Tuanze na maji, kwa sababu Mombasa husomwa kwa maji kabla ya barabara. Uwanja wa ndege uko bara, magharibi ya kisiwa, upande wa Port Reitz na Changamwe. Kilifi nayo iko bara, lakini bara ya kaskazini. Kati ya bara hizi mbili umepita mkono wa bahari wa Tudor, unaozunguka kisiwa kwa kaskazini na kuingia ndani hadi pande za Jomvu na chini ya vilima vya Rabai. Kwa hiyo aliye na gari ana mambo mawili tu ya kuchagua: ama aingie kisiwani kwa daraja la Makupa na atoke kwa la Nyali, ama apande juu hadi pale maji yanapokwisha, ayazunguke kwa nyuma. Hakuna uchochoro wa tatu ambao madereva wa teksi wanauficha. Wanaokuambia kwamba wanajua njia ya mkato kupitia Tudor wanakutoa katika foleni ya mtaa wa Saba Saba na kukuingiza katika foleni ileile mbele kidogo, maana njia zote za kisiwani zinazokwenda kaskazini hatimaye humiminika katika mdomo mmoja.

Mdomo huo ni daraja la Nyali lililopo sasa, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka 1931. Lina njia sita, na kwa wakati wake lilikuwa kubwa kupita mahitaji. Tangu hapo Bamburi, Kiembeni, Shanzu na Mtwapa zimejaa watu ambao kazi zao ziko kisiwani, bandarini au Changamwe, na hawana pa kupita ila hapo.

Sasa tazama jambo ambalo wageni wengi hawalioni. Asubuhi watu wanaingia kisiwani kutoka pande zote. Jioni wanatoka kwa pande zote. Wewe unayetoka uwanja wa ndege kwenda kaskazini huingii tu wala hutoki tu, unafanya yote mawili. Asubuhi unabanwa Changamwe na Makupa pamoja na wanaokwenda kazini, kisha Nyali unaivuka kwa raha ukiwatazama wenzako waliosimama upande wa pili. Jioni mambo hugeuka: Makupa unapita vizuri, hasa tangu daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022 mahali pa lile tuta la zamani lililokuwa limeziba maji, halafu unanaswa Buxton. Ndiyo maana mliona safari imeanza vyema kisha ikawageuka. Katika saa za kazi daraja moja kati ya hayo mawili litakuwa dhidi yako, na ukishavuka la Nyali bado kuna Kongowea, ambako mikokoteni na malori ya sokoni hayana haraka yako, kisha kituo cha Lights, kisha Bamburi, kisha Mtwapa na daraja lake. Upanuzi wa barabara ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi nao umeleta michepuko ya vumbi ambayo hubadilika badilika.

Njia ya Kaloleni ni hivi. Ukitoka uwanjani usishuke Changamwe. Shika barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu, ile ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, ikutoe Miritini karibu na stesheni ya reli mpya, uingie barabara kuu ya Nairobi. Panda nayo hadi Mazeras. Hapo una hiari mbili. Unaweza kukunja kulia uingie Rabai, mahali ambapo wamisionari Krapf na Rebmann walifungua kituo chao mwaka 1846, na kuendelea na barabara nyembamba yenye kona hadi Kaloleni. Au unaweza kubaki katika barabara kuu hadi Mariakani na kukunja kulia huko, ambako ni mbali zaidi lakini barabara imenyooka. Zote mbili zinakutana Kaloleni. Kutoka hapo unateremka kati ya minazi hadi Mavueni, unapoikuta barabara ya Malindi ukiwa tayari umeyaacha nyuma madaraja ya Nyali na Mtwapa. Kwenu Mnarani ni hapo mbele tu, kabla ya daraja la Kilifi. Kwa hiyo hata hilo hamlihitaji. Jirani yenu anayeishi mjini Kilifi atalivuka, lakini foleni yake si ya kukosesha mtu usingizi.

Kwa kilomita, kaka yako yuko sahihi: unaongeza ishirini hivi au zaidi, kutegemea kama umekunja Mazeras au Mariakani. Kwa saa, inategemea. Mchana mtupu, tuseme kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, sioni sababu ya kuzunguka, kwa kuwa Nyali hupitika na safari ya kilomita sitini hivi ni ya kawaida. Njia ya Kaloleni hulipa pale unapotua alasiri, ukijua kwamba ungefika Buxton saa kumi na moja, lakini jua bado lina muda wa kukufikisha Mavueni. Hulipa pia siku ambayo gari limeharibika juu ya daraja la Nyali, jambo ambalo dereva yeyote wa uwanjani atakuwa amelisikia kwa simu kabla hujamaliza kuchukua mizigo. Muulize yeye kwanza. Usimwulize "kuna msongamano?", maana atakujibu kwamba upo, na kila siku upo. Muulize gari lililotoka Nyali kuja uwanjani sasa hivi limetumia muda gani, na mkia wa foleni ya wanaotoka kisiwani umefika wapi: Buxton, Saba Saba au nyuma zaidi.

Lakini nyinyi mlitua saa kumi na moja na dakika ishirini. Mizigo ikitoka, mama akipata kiti cha magurudumu, mnaondoka uwanjani saa kumi na mbili, na jua la pwani halingoji; muda si mrefu giza limeshaingia, nanyi mngali kwenye mlima wa Mazeras nyuma ya trela la makontena linalopanda kwa mwendo wa konokono. Kutoka hapo hadi Mavueni ni usiku. Sehemu kubwa ya njia hiyo haina taa, mbuzi hulala kando ya lami kwa sababu ina joto, na bodaboda nyingine hujitambulisha kwa sauti tu. Mtu aliyezaliwa Kaloleni ataipita bila wasiwasi. Dereva wa kukodi ambaye hajawahi kuipita, akiwa na mama wa miaka 78 kiti cha nyuma, simpendekezi.

Kwa saa kama hiyo ningefanya jambo ambalo wasafiri hulidharau: ningekaa. Kuleni chakula karibu na uwanja, mama anyooshe miguu yake, muondoke saa mbili usiku au baadaye kidogo, wakati Nyali imeanza kupumua. Mtafika nyumbani karibu wakati uleule ambao mngefika kwa kusimama Buxton, tofauti ikiwa kwamba saa mbili hizo mama amezipitisha kwenye kiti cha kawaida na msala uko karibu. Bora zaidi, badilisheni ndege. Ya asubuhi inayotua baada ya saa tatu hivi itawaondolea tatizo lote. Na je, mmewahi kufikiria kutua Malindi? Zipo ndege za kutoka Nairobi, na kutoka Malindi hadi Kilifi ni mwendo wa kilomita sitini hivi bila kisiwa katikati. Nauli ikiwa juu, ipime dhidi ya miguu ya mama.

Kuhusu simu: ramani zake ni nzuri kwa kuonyesha foleni iliyopo sasa, ila wewe utafika Nyali baada ya nusu saa au zaidi, na kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni nusu saa hugeuza kila kitu. Rangi ya kijani unayoiona ukiwa kwenye mkanda wa mizigo ni habari za kale ukifika Makupa. Jihadhari pia inapokupendekezea vijia vya nyuma vya pande za Mwakirunge ili kuokoa dakika chache. Kifaa hicho hakijui kama jana ilinyesha.

SWALI: Tunafanya arusi Diani na wageni wetu watatua uwanja wa Moi. Wazee wanasisitiza kwamba lazima tupange muda wa feri ya Likoni. Je, bado ni lazima?

Bwana arusi mtarajiwa, Ukunda

JIBU: Hongera. Si lazima tena, na waambie wazee hivyo kwa upole. Upande wa kusini ulikuwa na ugumu uleule wa kaskazini, tena mbaya zaidi, kwa sababu hapakuwa na daraja la gari hata moja: ama upange foleni ya feri Likoni, ama uzunguke mkono wa bahari wa Port Reitz kwa mbali kupitia Kinango na Kwale. Barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu imeondoa hayo. Inavuka maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza, hili la pili likiwa na urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kutokea Kibundani kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Kutoka hapo wageni wako watapita Waa na Tiwi hadi Ukunda, kisha wakunje kushoto kuingia Diani. Hawataingia kisiwani hata hatua moja.

Jambo moja la kuwatahadharisha madereva: wengine, kwa mazoea ya miaka mingi, wakisikia "Diani" mikono yao hugeuza usukani kuelekea mjini yenyewe. Waandikie "Dongo Kundu" kwenye ujumbe, tena mwanzoni, kabla ya jina la hoteli. Mgeni anayetua kutoka Nairobi pekee anaweza pia kutafuta ndege ya moja kwa moja hadi uwanja mdogo wa Ukunda, ambako ataiona Diani kabla hajafunga mkoba wake. Feri waachie wale wanaotaka kuionja. Kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda, ni sherehe kabla ya sherehe.

SWALI: Mimi siendi Kilifi wala Diani. Naenda Nyali penyewe, karibu na daraja. Nipite wapi?

Msomaji wa Nakuru

JIBU: Pita Nyali. Kuzunguka kwa Rabai na Mavueni ili urudi kusini hadi mlangoni pako ni safari ya nusu siku, na mwisho wake utakuwa kwenye msongamano wa Bamburi badala ya ule wa Buxton. Wewe huna njia ya kando, una saa tu. Jioni, ondoka uwanjani kabla ya saa kumi au baada ya saa mbili. Ukinaswa katikati ya hizo, shuka Buxton, mwachie dereva mizigo, uvuke daraja kwa miguu kama wanavyofanya mamia ya wenyeji kila jioni. Ni mita mia nne kasoro kidogo, upepo wa bahari ni wa bure, na huenda ukafika nyumbani chai ikawa imeshachemka kabla begi lako halijagonga hodi.