Barua kwa mwanangu: kwa nini umeitwa uingie na mtoto

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unauliza kwa nini mwanasaikolojia aliyemwona mjukuu wangu, mtoto wa miaka 6, na kuthibitisha kwamba ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, anasisitiza uingie naye katika kila kikao, ilhali wewe ulipougua ugonjwa huohuo ukiwa na miaka 15, mimi na mama yako tuliachwa tukisubiri nje ya mlango. Kisha pembeni, kwa herufi ndogo, umeandika swali jingine, kana kwamba hukutaka nilione: je, ina maana kwamba chanzo ni mimi?

Hapana. Sonona ina vyanzo vingi vinavyoshikana, na urithi ni kimojawapo tu. Kama ni kulaumiana kwa urithi, basi na mimi nimo, kwa maana unakumbuka hali niliyokuwa nayo mwaka niliostaafu. Kuitwa ndani ya chumba cha tiba si kushtakiwa. Unaitwa kwa sababu, kwa umri wa mwanao, wewe ni sehemu ya dawa.

Tiba ya mazungumzo inayojulikana zaidi, ile ya utambuzi na tabia, ina chimbuko lake katika kazi ya daktari wa akili Aaron Beck huko Marekani katika miaka ya 1960. Beck aligundua kwamba wagonjwa wake walipitiwa na mawazo ya ghafla ya kujidharau, wakayaamini bila kuyahoji. Katika tiba hiyo mgonjwa hufundishwa kulikamata wazo, kuliweka mezani, na kuuliza lina ushahidi gani. Sasa mfikirie mwanao akifanya hivyo. Mtoto wa umri huo hana bado uwezo wa kusimama kando ya wazo lake na kulitazama; akihuzunika hupiga teke kiti, au husema tumbo linamuuma. Hisia zake hujifunza kutulia kwa kutulizwa na mtu mzima anayemwamini, na mtu huyo hawezi kuwa mgeni anayemwona saa moja kwa wiki.

Ndiyo maana Joan Luby, daktari wa akili za watoto huko Marekani, na wenzake walitengeneza tiba ambayo mzazi ndiye mtendaji wake. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalihusu watoto 229 wa miaka 3 hadi 6, kila mmoja na mzazi wake, kwa wiki 18. Mzazi hucheza na mtoto chumbani, naye mtaalamu, akiwa nyuma ya kioo, humnong'oneza kupitia kifaa cha sikioni: msifu hapo, nyamaza kidogo, sasa mtajie hisia uliyoiona usoni pake. Watoto waliopata tiba hiyo walipata nafuu kubwa kuliko wale waliokuwa bado wanasubiri zamu, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba dalili za sonona za wazazi wao nazo zilipungua. Sijui kama mtaalamu wenu anatumia njia hiyohiyo. Muulize, ni haki yako. Lakini fikra iliyomfanya akuite ndiyo hiyo.

Kwako mambo yalikuwa mengine. Ukiwa na miaka 15 hukuonekana mwenye huzuni. Ulikuwa na hasira, na mimi, kwa aibu nasema, niliita hasira ile jeuri. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kwa watoto na vijana sonona inaweza kujitokeza kama wepesi wa kukasirika. Kijana anahitaji mahali ambapo anaweza kumsema baba yake bila baba kusikia. Siku ya kwanza mtaalamu alituita sote watatu, akatueleza kwamba utakayoyasema yatabaki baina yenu, isipokuwa pale ambapo uhai wako au wa mtu mwingine ungekuwa hatarini. Nilichukia. Nilidhani ninanyang'anywa mwanangu, kumbe mlango ule ukifungwa ndipo ulipoanza kusema.

Uliniuliza zamani kwa nini ulipewa vidonge pamoja na mazungumzo. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliotolewa mwaka 2004, ulifuatilia vijana 439 wa miaka 12 hadi 17. Baada ya wiki 12, katika kila vijana 100, takriban 71 kati ya waliopata vyote viwili walikuwa na nafuu, 61 kati ya waliomeza fluoksetini, yaani dawa ya sonona, peke yake, 43 kati ya waliopata tiba ya utambuzi na tabia peke yake, na 35 kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ilipofika wiki ya 36, makundi yote matatu ya tiba yalikuwa yamevuka 80. Mwaka huohuo wa 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa za sonona, kwa kuwa dawa hizi ziliongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watoto na vijana. Ndiyo maana katika zile wiki za kwanza mama yako alilala chumbani mwako. Hakuwa akikuchunga kwa kutokuamini.

Na mimi, mtu mzima, nilitibiwaje? Niliambiwa niandike kila saa nilichofanya, na nijipe alama kwa kiasi nilichofurahi. Niliona ni kazi ya shule ya msingi, nikaifanya kwa dharau. Kisha tukapanga kutembea asubuhi kabla hamu haijaja, kwa sababu, alivyosema mtaalamu, katika sonona hamu hufuata mwendo. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Neil Jacobson na wenzake walionyesha kwamba kurudisha shughuli kwa namna hii peke yake kulisaidia sawa na tiba kamili ya utambuzi.

Neno moja linakuhusu wewe. Mwaka 2006 kikundi cha mtafiti Myrna Weissman kilifuatilia akina mama 151 wenye sonona pamoja na watoto wao. Pale mama alipopona ndani ya miezi mitatu, hali ya watoto nayo ilielekea kuwa bora. Kwa hiyo usiku ukianza tena kuwa mrefu, usijifiche nyuma ya ugonjwa wa mtoto. Tafuta kikao chako mwenyewe, cha peke yako.

Mtaalamu atauliza kama kuna aliyewahi kuugua katika familia. Mweleze habari zangu zote, hata zile nilizokuomba zamani usimwambie mtu: lini nilianza, nilikaa kitandani muda gani, nilitumia nini. Siku za vikao mdogo wake atakaa nami.

Baba yako