Goti Linapouma Wakati wa Kushuka Ngazi

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka 48, na darasa langu liko ghorofa ya pili. Kupanda ngazi sioni tabu sana, lakini ninaposhuka, magoti huniuma kwa mbele na kukwaruza kama yana mchanga ndani. Majirani wanasema ute umekauka, hivyo ninywe supu ya makongoro na nile bamia kwa wingi. Je, ni kweli? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Ute wa goti hautoki katika chakula moja kwa moja. Hutengenezwa na utando laini unaokizunguka kiungo kwa ndani, ambao huchuja majimaji ya damu na kuyaongezea viambato vya kuteleza, na katika goti zima lenye afya ute huo haujazi hata kijiko kimoja cha chai. Utelezi wa bamia huishia kwenye utumbo mpana, na protini ya makongoro humeng'enywa kama ya maharage au samaki, kisha mwili huitumia popote panapohitajika. Kula bamia na makongoro kwa sababu ni chakula kizuri, si kwa sababu ni dawa. Isitoshe, goti lenye maradhi mara nyingi huwa na ute uliozidi, ndiyo maana huvimba.

Sababu ya maumivu yako naitafuta kwanza pajani. Mbele ya paja kuna misuli minne ambayo hukusanyika katika kano moja. Kano hiyo hupitia kilegesambwa, yaani pia ya goti, na kujishikiza kwenye mfupa wa muundi. Msuli hauwezi kusukuma, unavuta tu. Unapopanda, misuli hiyo hujifupisha na kulinyoosha goti. Unaposhuka, uzito wa mwili ndio unaolikunja goti, na misuli ileile hulazimika kuvuta huku ikirefushwa ili usiporomoke. Ndani yake, nyuzi za protini iitwayo miosini huendelea kuzing'ang'ania zile za protini nyingine, aktini, ili zisiachane zinapovutwa. Kazi hiyo ni nzito kuliko watu wanavyodhani, na wengi walioshuka Mlima Kilimanjaro hugundua hivyo mapaja yanapowauma siku mbili baadaye. Wakati huohuo kilegesambwa hukandamizwa kwenye mfupa wa paja kwa nguvu inayoweza kufikia takriban mara tatu ya uzito wa mwili, na misuli ikiwa dhaifu, mzigo mkubwa zaidi hubaki kwenye kiungo.

Naomba usiache kutembea kwa kuogopa kulimaliza goti. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute, ambao hupenya ndani yake linapobanwa na kuachiwa, yaani unapotembea.

Zoezi ninalolipenda halihitaji vifaa. Keti kwenye kiti imara, kunja mikono kifuani, simama, kisha keti tena polepole ukihesabu hadi nne, maana faida kubwa iko katika huko kuketi. Rudia mara 10, siku tatu kwa wiki, na maumivu yakizidi weka mto juu ya kiti ili usikunje goti sana. Vumilia wiki kadhaa, kwani misuli haijengeki haraka. Hata hivyo, goti likivimba, likiwa la moto, likikwama au likikuachia ghafla, nenda hospitali upimwe.

SWALI: Mwanangu hualisha vidole kila mara. Je, atapata baridi yabisi? – Baba, Mombasa

JIBU: Hakuna ushahidi wa hilo, Baba. Mifupa ya kidole inapovutwa, kiputo cha gesi hujitokeza ndani ya ute, na hapo ndipo mlio unaposikika. Kidole kilichokwisha kualika hakialiki tena mpaka dakika 20 hivi zipite. Daktari wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto pekee kwa miaka 50, na mwaka 1998 akaandika kwamba hakuwa na yabisi katika mkono wowote. Huyo ni mtu mmoja, lakini uchunguzi wa watu wengi zaidi nao haujaonyesha kuwa tabia hiyo huleta yabisi. Kidole kinachoalika kwa maumivu, au kinachovimba, ndicho cha kumpelekea daktari.